Benz 240D inagonga mbele asubuhi, kweli timing cheni imeisha?

SWALI: Fundi shikamoo. Nina Benz 240D ya mwaka 1982, W123, niliachiwa na marehemu baba. Asubuhi hapa Moshi inawaka kwa shida na moshi mwingi, halafu mbele ya injini inalia kama mtu anatikisa sufuria ya karanga, ikipata moto kelele inapungua. Mlimani nako siku hizi inajikokota. Fundi wa huku kasema timing cheni imeisha na injini lazima ishuke. Ni kweli?

JIBU: Marahaba kijana, na pole. Kwanza injini haishuki kwa ajili ya cheni, kwenye hizo injini za OM616, ndo iliyomo kwenye gari yako, cheni inaingizwa kwa juu na silinda hedi huigusi kabisa. Pili bado hatujajua kama mgonjwa ndo cheni. Nimeletewa hizi gari nyingi tu wanasema cheni cheni, ukifungua unakuta valvu hazijasetiwa tangu enzi za Mwinyi. Hizo valvu ni za kuseti kwa mkono, injini ikiwa ya baridi nafasi ya valvu ya inteki iwe 0.10 mm na ya egzosi 0.30 mm, spana mbili za 14 na fila geji (vile vibapa vyembamba vya kupimia nafasi) basi. Ikiwa imelegea inagonga na utaapa ni cheni, ikiwa imekaza ndo mbaya zaidi kwa sababu hailii kabisa ila inakula kompresheni, na kwa baridi ya Moshi gari ya dizeli bila kompresheni utapiga stata mpaka betri ife. Kwa hiyo anzia hapo. Kuhusu mlima usiilaumu sana, hiyo gari ina hosipawa 72 tu, haijawahi kuwa na haraka tangu inatoka Ujerumani.

Sasa tapeti kava (kile kifuniko cha juu ya valvu) ikiwa bado wazi, pima cheni hapohapo, haikugharimu chochote. Chukua soketi ya 27 weka kwenye bolti ya krenki (shafti ya chini inayozungushwa na pistoni), zungusha injini kulia kama saa inavyokwenda ukiwa umesimama mbele ya gari. Usizungushie bolti ya kemshafti (shafti ya juu inayofungua valvu, krenki inaizungusha kwa cheni hii), na usirudishe nyuma hata kidogo, ukipitiliza alama zunguka upya mizunguko miwili mizima, ukirudisha nyuma cheni inalegea upande mwingine na unachosoma kinakuwa uongo. Nyuma ya gia ya kemshafti kuna washa yenye mkato mdogo, na stendi ya kwanza ya kemshafti ina mstari uliotokeza juu. Vikikutana simama, washa tochi, chungulia puli ya chini ile yenye namba za digrii.

Cheni ikiwa nzima pointa inakaa kwenye sifuri, yaani pistoni ya kwanza iko juu kabisa, au jirani yake. Ikivutika kemshafti inachelewa, kwa hiyo alama za juu zinapokutana krenki inakuwa imeshapita sifuri, na zile digrii ilizopita ndo uchakavu wenyewe. Mbili tatu ni uzee wa kawaida, endesha. Ikifika nne tano anza kuweka hela pembeni. Ikikaribia kumi paki gari usiwashe, maana dizeli pistoni na valvu zinapishana kwa nafasi ndogo mno, cheni ikiruka meno zinakutana. Soma mara tatu kwa sababu macho yanadanganya, na kama kuna fundi mwenye dayo geji (kipimo cha mshale cha mwendo mdogo) mwambie apime kwa inteki ya silinda ya kwanza ikifunguka 2 mm, cheni mpya inasoma digrii 11.5 baada ya sifuri, iliyokwisha kutembea 13.5.

Watakuambia pia kuna kii (kile kichuma kinachoshikilia gia kwenye kemshafti) yenye mkato wa pembeni, ya 0.7 mm inarudisha kama digrii 4. Ni kweli ipo na Mercedes wenyewe waliitoa, lakini inarekebisha kemshafti peke yake. Pampu ya nozo, ile inayopeleka dizeli kwenye silinda, nayo inazungushwa na cheni hiyohiyo, itaendelea kuchelewa, na huo moshi wako wa asubuhi unaweza kuwa unatokea hukohuko.

Kelele yako ya baridi inayopungua na moto mimi ingenipeleka zaidi kwenye tensheni (kinachokaza cheni) na reli (inayoongoza cheni). Piga tochi kwenye uwazi wa cheni, ile plastiki ya reli ya juu ikiwa imepasuka au cheni imeichimba mfereji utaiona. Ukinunua cheni nunua na tensheni na reli kwa pamoja, tafadhali usiweke cheni mpya juu ya reli ya miaka arobaini.

Kuingiza yenyewe ni kazi ya watu wawili, peke yako usijaribu. Fungua hita plagi zote injini izunguke kirahisi, toa tensheni, toa roka zote (vile vimkono vinavyobonyeza valvu) na uzipange kwa mpangilio wake kila moja irudi ilipotoka. Hili la roka wengi wanaruka wakidhani wanaokoa muda. Mimi mwenyewe niliwahi kuruka, springi za valvu zikaisukuma kemshafti ikajirusha mbele ghafla na cheni ikanitoka mkononi, sauti yake tu nilijua nimekwisha, valvu mbili zilipinda na mwenye gari kasimama pale pale anakunywa chai.

Ziba tundu la cheni kwa matambara, saga kichwa cha pini mbili za pingili moja kwa grenda ndogo, unga cheni mpya nyuma ya ile ya zamani kwa pingili ya muda. Mmoja azungushe krenki taratibu kulia, mwenzake ashikilie cheni mbili zote zisiachie meno ya gia, anavuta ya zamani inavyotoka na kubana mpya inavyoingia. Ikikaza simama uangalie, usilazimishe. Ikimaliza mzunguko unga kwa pingili ya kugongewa kwa kifaa chake, ile ya klipu acha iwe ya pikipiki. Tensheni mpya ichovye kwenye oili uipampu mara kumi hivi mpaka ijae ndo uifunge. Zungusha kwa mkono mizunguko miwili mizima kabla ya kugusa stata, soma alama tena, seti valvu upya.

Halafu kuna kitu mafundi wengi wanasahau. Cheni ikichakaa pole pole, kuna fundi aliyepita kabla yako alisikia gari nzito akazungusha pampu ili diseli iwahi, gari ikapona. Sasa ukiweka cheni mpya pampu inawahi kupita kiasi, injini inagonga kama nyundo na watu wanasema cheni feki. Pampu lazima ipimwe upya kwa njia ya matone, yaani kuangalia dizeli inavyodondoka kwenye pampu, digrii 24 kabla ya sifuri.

Ukishaseti valvu nitumie namba uliyosoma kwenye puli pamoja na picha ya reli ya juu, spea usinunue kwanza.