Jibu: Achana na bawa la ndege, mada yako ipo kwenye shafti ya boti

Salaam ndugu, na wadau wote.

Nimeusoma uzi wako kuanzia juu. Uko mwaka wa mwisho wa uhandisi mitambo, msimamizi anataka mradi unaogusa mitetemo, nyenzo na utengenezaji kwa pamoja, na wewe umependekeza kuchora bawa la ndege na kulitikisa ndani ya kompyuta. Kwa kuwa kwenu Malindi, unauliza kama huku Pwani kuna kitu cha kupima kwa mkono au uendelee na bawa lako. Wengi wamekujibu bawa. Mimi nasema liache. Bawa lenyewe huna, hutalishika, na ukikosea hesabu hakuna kitakachokukanusha.

Mimi nilisomea hayo hayo, sasa natengeneza injini za boti Lamu. Njoo upande boti ya mbao yenye dizeli ya ndani pale Mokowe, ukae shetri. Kuna kasi moja ambayo sakafu inawasha nyayo na bakuli la kuchotea maji ya ngama linacheza peke yake. Nahodha hakai hapo. Anaongeza moto, anapita, kunatulia. Mhandisi Rankine aliandika mwaka 1869 kwamba shafti, yaani mti wa chuma unaozunguka (kwenye boti ndio unaozungusha propela), haiwezi kuendeshwa salama juu ya kasi yake ya hatari, ile inayoifanya itikisike kupita kiasi. Mhandisi de Laval akaivusha kwenye tabo (tabaini) zake za mvuke miaka ya 1880 kwa kutumia shafti nyembamba inayonesa, na mhandisi Jeffcott akaja kutoa hesabu yake mwaka 1919. Manahodha wetu wanafanya kama de Laval kila siku bila kumsoma. Ila swali ambalo sijaona mtu akilipima vizuri kwenye boti zetu ni hili: kinachotetemeka pale ni nini hasa? Ni shafti, ni injini juu ya raba zake, au ni mbao za boti yenyewe?

Hapo ndipo pa kuanzia, na hesabu yake unaifanya kwenye kipande cha boksi. Chukua injini ya silinda 4 inayozunguka mara 1800 kwa dakika, gia ya 2 kwa 1, propela ya mapanga matatu. Shafti inazunguka mara 900 kwa dakika, yaani mara 15 kwa sekunde, au herzi 15. Ukiona mtetemo wa herzi 15, shuku shafti iliyopinda au propela isiyo na mizani. Herzi 45 ni mapanga yanayopita nyuma ya fashini, ule mti uliosimama shetri. Boti zetu zina fashini nene, maji ya nyuma yake ni mazito na ya polepole, kwa hiyo kila panga likiingia humo linapigwa teke. Herzi 60 ni kuwaka kwa silinda. Herzi 30 ni mzunguko wa injini yenyewe.

Lakini angalia mtego. Kaplingi, kiungo kinachoshikanisha shafti na gia, isipokaa sawa hutoa mtetemo kwa mara moja na mara mbili ya kasi ya shafti, yaani 15 na 30. Ile 30 inalalia juu ya ile ya injini, na hutazitofautisha. Tafuta boti ambayo uwiano wa gia yake si 2 kamili, zipo nyingi, au uweke gia huru (nyutro) na kuiacha injini kwenye kasi ile ile. Kilichobaki ni cha injini, kilichopotea ni cha shafti na propela.

Kuhusu kupima kwa simu, kama mmoja alivyokushauri: inawezekana, ila ujue simu yako inachukua vipimo vingapi kwa sekunde. Ikichukua 100, inaona sawasawa chini ya herzi 50 tu. Ile 60 ya kuwaka kwa silinda itajitokeza kwenye grafu kama 40, nawe utaandika ukurasa mzima kuhusu kitu ambacho hakipo. Kihisi cha bei nafuu kinachochukua vipimo 1000 kwa sekunde, kikifungwa kwa bolti kwenye kitako cha gia, kitakutosha.

Sasa jambo ambalo vitabu vyako havitakupa, kwa sababu vimeandikwa kwa mashine zilizokaa kwenye zege. Boti ya mbao inanesa. Mafundi wa boti wana kipimo chao: nyuso mbili za kaplingi ya kipenyo cha milimita 100 zisipishane nafasi zaidi ya milimita 0.1 kutoka upande mmoja hadi wa pili. Kipimo kizuri. Lakini fungua bolti za kaplingi boti ikiwa imelala ubavu maji yakipwa, uweke sawa kwa fila, vile vibapa vyembamba vya kupimia nafasi, kisha ungoje maji yajae ielee. Rudi na fila ile ile. Juu inaingia bila shida, chini haiingii kabisa. Hakuna aliyegusa kitu. Ni mkuku, uti wa chini wa boti, umepokea uzito kwa namna nyingine. Ukipakia saruji au abiria unabadilika tena. Ndiyo maana fundi anayejua kazi hakazi kaplingi nchi kavu, na boti ikitoka kupigwa kalafati (kuzibwa mianya ya mbao) huiacha kwanza majini mbao zinywe na kuvimba. Kwenye bamvua, maji makubwa ya mwezi, maji hushuka zaidi ya mita 3 huku kwetu, kwa hiyo boti inayolala mchangani inapitia hayo kila siku.

Huo ndio mradi wako kwa maoni yangu: kaplingi inahama kiasi gani kati ya kupwa na kujaa, boti tupu na boti iliyopakia, na mtetemo wa gia unafuata vipi. Ukimaliza hilo tu, umefanya kazi ambayo fundi wa Matondoni, kijiji cha mafundi wa boti hapa Lamu, ataielewa na msimamizi wako hataidharau.

Nyenzo zinaingia hapo hapo. Kaplingi ikikaa vibaya, shafti inapindwa kidogo na kurudishwa kila mzunguko. Kwa mizunguko 900 kwa dakika, ni mara 54,000 kwa saa. Mhandisi Wöhler aliyachunguza haya kwenye ekseli za treni Ujerumani karne ya 19: chuma kinavunjika kwa mzigo mdogo kuliko kinaoweza kubeba, kikirudiwa vya kutosha. Na katika maji ya chumvi hakuna kiwango salama cha kujificha chini yake, kwa sababu kutu na uchovu huo wa chuma vinasaidiana. Nenda karakana yoyote uombe shafti iliyokatika. Mara nyingi imekatikia kwenye mfereji wa kii (kile kipande cha chuma kinachoifunga shafti isiteleze), penye pembe kali. Ioshe kwa dizeli, igeuze juani: utaona mistari iliyopinda, mmoja nyuma ya mwingine, kama ile maji yanayoiacha mchangani yakipwa, inaanzia pembeni mwa mfereji na kusambaa ndani. Kisha kuna kipande kidogo chenye chengachenga. Hicho ndicho kilichokatika siku ya mwisho. Kwingine kulishakwisha zamani huku watu wakisafiri.

Shafti za chuma cha pua nazo si dawa ya kila kitu. Penye maji yaliyotuama ndani ya bomba la shafti, pasipo hewa, hutoboka vishimo. Aina ya 316 ina molibdeni ya asilimia 2 hadi 3 na inastahimili kuliko 304, lakini haiponi kabisa. Muuzaji atakwambia zote ni "stenlesi" tu.

Utengenezaji, kwa ufupi. Shafti iliyolika kwenye bushi inamozungukia huku hujazwa kwa kuchomelea kisha ikakerezwa upya. Inatoka inang'aa. Lakini joto la kuchomelea huacha mkazo wa kuvuta pale pale penye uso, ambapo ufa hupenda kuanzia, na michirizi ya kisu cha mashine inaongezea. Kata vipande vya majaribio, vingine vilivyochomelewa, vingine vizima, uvizungushe hadi vikatike. Mashine ya kuzungusha na kupinda vyuo vingi vinayo, imekaa na vumbi.

Propela za kumimina ziache, ni mradi mwingine kabisa. Ukitumia propela ya zamani ya milimita 400 kama kielelezo, shaba ya njano ikipoa inasinyaa kama asilimia 1.5, unapata pungufu ya milimita 6 hivi. Zinki nayo huchemka kwenye nyuzi 907 tu, ndiyo ule moshi mweupe, na kila ukiyeyusha upya inapungua. Siwa ya Lamu, lile baragumu la shaba, ilimiminwa vizuri bila shahada ya mtu, lakini siwa haizunguki.

Umeuliza pia kama kompyuta haina kazi. Inayo, baada ya vipimo. Chora shafti yako na bushi zake, uone kama kasi ya hatari unayoipata ni ile anayoikwepa nahodha. Kumbuka nafasi kati ya bushi ikiongezeka mara mbili, kasi hiyo inashuka hadi robo, kwa hiyo pima urefu mwenyewe kwa futi, usiamini mchoro wa mtu.

Ukija, njoo maji mafu, boti zinapatikana kwa utulivu zaidi, na ukwepe kilele cha kusi, bahari haitakuachia hata dakika ya vipimo safi. Ongea na nahodha kabla ya kuongea na mwenye boti. Lete fila yako mwenyewe. Za mafundi zimeliwa na kutu na hazisemi kweli.