Nendeni Septemba, watoto wakisharudi shule

Juzi dada mmoja wa Brussels kaniandikia usiku wa manane. Kawapeleka wanawe wawili Nice katikati ya Agosti, chumba kimemla pesa ya kodi ya mwezi mzima, na ufukweni hakupata hata pa kutandika kanga. "Wewe kila mwaka unaisifu bahari ya Wafaransa," kaniuliza, "unasifia nini hasa?"

Swali limenichoma, maana kosa hilo hilo nami nililifanya, tena bila udhuru wa watoto. Mara yangu ya kwanza kufika Saint-Malo, mji wa bahari kule Bretagne, kaskazini-magharibi mwa Ufaransa, ilikuwa Agosti. Nilikuwa natoka kwenye zamu za usiku mfululizo katika nyumba ya wazee fulani pembeni mwa Paris. Likizo niliyoomba nilinyimwa, nikatupiwa siku tatu na kuambiwa nishukuru. Hilo bado linaniuma, na nikikutana na yule msimamizi leo nitamwamkia kwa adabu halafu nitapita. Nikapanda treni ya moja kwa moja kutoka kituo cha Montparnasse, Paris, saa mbili na ushee tu, nikashukia kwenye kishindo cha watu kama Kariakoo mkesha wa Idi. Foleni ya mkate, foleni ya choo, foleni ya kupanda juu ya ukuta wa kale unaozunguka mji. Nilirudi kazini hoi kuliko nilivyoondoka.

Mwaka uliofuata nikaomba Septemba, na hakuna aliyenigombania tarehe. Dada yangu, siri ni hiyo. Shule za Ufaransa hufunguliwa mwanzoni mwa Septemba, na mji wote unashusha pumzi. Wafaransa wenyewe wana jina la siku hizo, arrière-saison. Bei za vyumba hushuka. Jua linatua saa mbili na nusu usiku hivi, mwanga wake wa mwisho una rangi ya asali, na mbwa ni wengi kuliko watoto. Maji usiyaogope: bahari huchelewa kupata joto na huchelewa kulipoteza, kwa hiyo Septemba ina maji ya vuguvugu kuliko Juni. Vuguvugu kwa kipimo cha Bretagne, sikudanganyi. Mimi wa Pangani nilipotia mguu nililia "Mama!" mpaka bibi mmoja mwenye kofia ya kuogelea akacheka.

Bibi huyo nilikutana naye penye bwawa la Bon-Secours, chini ya ukuta. Ni kuta za saruji zilizojengwa mle mle baharini: maji yakijaa yanalimeza bwawa zima, unabaki kuona mnara wa kurukia peke yake, yakipwa, bwawa linabaki limejaa, kama vile vidimbwi vya mwambani tulivyoogea utotoni. Asubuhi wapo wazee sita, saba, wanaogelea taratibu wakizungumzia bei ya vitunguu. Mimi hukaa ukingoni miguu ikining'inia. Saa nzima. Sifanyi kitu.

Juu ya ukuta ni mzunguko wa chini ya kilomita 2, bure. Mji wa ndani uliteketea kwa mabomu ya Agosti 1944, nyumba nyingi zikajengwa upya kwa mawe. Ukuta ndio uliosalimika. Yuko pia Surcouf, nahodha wa zamani aliyekuwa akiteka meli za adui, ameganda katika sanamu, mkono umeelekea baharini. Watalii wanapiga naye picha kwa sababu aliwatesa Waingereza baharini. Mimi huwa nampita upesi: huyo alisafirisha pia watumwa katika Bahari ya Hindi, zama zile zile Wafaransa walipokuwa wakija Kilwa kununua watu wa kupeleka Mauritius na Réunion. Utulivu haumaanishi usahau.

Sasa niseme la aibu. Mimi ni mjukuu wa mvuvi. Bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, na maji mafu, yanapotulia, nilivijua kabla ya kujua kusoma. Mbele ya Saint-Malo kuna kisiwa, Grand Bé, unakifikia kwa miguu kwa njia ya mawe maji yakipwa. Pale alizikwa Chateaubriand, yule mwandishi aliyefariki 1848. Kaburi lina msalaba bila jina, na kibao kinamwomba mpita njia amwache asikilize bahari na upepo tu. Nikaona huyu ni mtu wangu. Nikavuka saa nane mchana, nikala chapati yangu ya unga wa kahawia, wanaiita galette, ya yai na jibini (ile ya soseji iacheni, ni nguruwe), nikalala kwenye majani.

Nilijua ni bamvua, mwezi mpevu niliuona jana yake. Wafaransa hata wanayapa maji namba ya nguvu yake, kuanzia 20 hadi 120, na siku ile ilipita 100. Nikaipuuza. Kwetu tofauti ya kujaa na kupwa ni mita tatu au nne. Maji yakianza kurudi una muda wa kumaliza kahawa. Kule bamvua kubwa hupita mita 12! Nilipoamka, njia ilikuwa bado inaonekana lakini katikati yake mkondo unakimbia. Vijana wawili wenye mbwa wakanishika mkono: usivuke, bibi. Tulikaa kisiwani karibu saa sita. Mbwa alikula jibini langu lote. Taa za mji zikawaka, tukavuka usiku mwani ukiteleza chini ya viatu, nami nikitetemeka kwa baridi na kwa aibu ya babu yangu.

Lakini zile saa sita, wapendwa, ndizo zilizonifunza kukaa. Simu ilikufa. Hakuna pa kwenda. Sisi tulioko Ulaya tumejifanya punda: tukipewa siku tano za mapumziko tunazibebesha miji minne, na picha za kila mji tunazituma nyumbani ili tuonekane tumefika. Acheni! Chagua mji mmoja, lala hapo hapo, soma jedwali la maji kabla ya kusoma orodha ya migahawa, kisha kaa. Nimesema kaa.

Mdogo wangu wa Tanga aliniuliza picha ziko wapi. Nikamwambia ninayo moja, ya mbwa. Akanijibu kwa sauti, akicheka: "Umeenda Ufaransa kukaa ukutani kama mzee wa baraza?" Sikumjibu siku mbili. Mwaka huu nimemlipia tiketi, tunaondoka tarehe 9, na nimemwambia afungashe sweta mbili.