Nilimkabidhi Kanisa, Nikabaki na Simu

Wiki iliyopita mchungaji mmoja aliniandikia: "Shalom mtumishi. Nimechunga kundi miaka 31. Kijana wa kumwachia ninaye, Mungu amenionyesha, lakini kila nikitaka kutangaza moyo unagoma. Wewe uliwezaje?" Nilimjibu kwa mistari miwili ya baraka, kisha usingizi ukanipaa. Maana ukweli ni kwamba mara ya kwanza sikuweza.

Kanisa nililoliongoza lilianza na watu 11 sebuleni kwangu. Nilililea miaka 22. Nilizika, nilibatiza, nilifungisha ndoa, na watoto niliowabariki wakiwa mikononi nikaja kuwaona wakiongoza ibada. Siogopi kuyasema haya, kwa sababu mtu asiyejua kazi hiyo ilinigharimu nini hataelewa kwa nini kuiachia kuliniuma.

Mrithi wangu alikaa chini yangu miaka 9. Vikao vya wazee wa kanisa vya kupitisha jina lake naviruka. Siku ya makabidhiano nilimpaka mafuta, nikamwekea mikono, nikalia, kanisa zima likalia. Yeyote aliyekuwepo angekuapia kwamba jambo limekwisha.

Jumapili iliyofuata nilikaa kiti cha mbele kabisa. Watu walimsikiliza yeye huku wakiniangalia mimi. Nikiinamisha uso, zile "Amina" zinapungua. Niliona, na nafsi yangu ilipenda. Mungu anisamehe, ilipenda.

Kisha zikaja simu. "Baba, umesikia? Mkesha wa Ijumaa kausogeza mwisho wa mwezi." "Baba, kambadilisha mweka hazina." Sikuwahi kumsema vibaya hata mara moja. Nilijibu tu, "Mwacheni kwanza, tutaona," nikidhani hiyo ndiyo busara ya mzee. Kumbe "tutaona" ya mchungaji aliyestaafu ni hukumu tayari. Ndani ya miezi 6 nusu ya kwaya ilikuwa imeacha kuja, na waliobaki wamegawanyika: wa Baba na wa kijana.

Usiku mmoja akaja nyumbani. Nilimkaribisha kiti, hakukaa. "Baba, kila nikiamua jambo wananiambia ngoja kwanza tumuulize mwenyewe." Badala ya kumsikia, nilimkumbusha nilikomtoa. Akaniamkia kwa heshima, akaondoka. Maneno yale, kama yangerudi kinywani, ningeyarudisha.

Kilichonivunja ni kitabu cha Hesabu, sura ya 27, niliyoihubiri mara nyingi bila kuisikia. Musa ameambiwa hataingia Kanaani. Halalamiki, hamwombei Gershomu wala Eliezeri, wanawe wa kuzaa. Anaomba kundi lisibaki kama kondoo wasio na mchungaji. Mungu anamwambia amwekee Yoshua, mtumishi wake, mkono wake, na ampe sehemu ya heshima yake mbele ya mkutano wote ili wamtii. Ukifika mstari wa 23, Musa anaweka mikono. Aliagizwa mmoja, akaweka yote miwili. Mimi nilikuwa nimeweka miwili mbele ya watu, na nyumbani nikaurudisha mmoja kupitia simu.

Ndugu yangu uliyeniandikia, hapo ndipo penye kazi. Kumpata mtu si kazi, mafuta si kazi. Kazi ni heshima. Ile heshima waliyokupa watu kwa miaka 31 lazima uitoe mwenyewe, ukiwa hai, wakikuona. Nilisimama mbele ya kanisa nikaomba radhi kwa mrithi wangu, nikimtaja kwa jina. Nilianza kumjibu kila aliyepiga simu, "Umemwambia mchungaji wako?" Na mwaka mzima nilisali mahali pengine. Mke wangu alilia zaidi yangu.

Soma Hesabu 8. Mlawi, mtumishi wa hema la Mungu, alipofika miaka 50 aliacha utumishi, lakini aliruhusiwa kuwasaidia ndugu zake kulinda zamu. Msaidizi. Neno hilo tulizoea kuwaita wengine. Na msikimbilie kurithisha kwa damu: Samweli, nabii asiyekuwa na doa, aliwafanya wanawe Yoeli na Abiya kuwa waamuzi, wakala rushwa, na wazee wa Israeli wakamwambia usoni. Wala msikae kimya mkisema Mungu ataleta mtu wake. Hatusomi popote kwamba Yoshua alimwekea mtu mikono, na katika Waamuzi 2 kinainuka kizazi kisichomjua Bwana. Toeni heshima, watumishi. Itoeni mapema, msingoje kitanda cha hospitali.

Sisemi kwamba hainiumi tena. Kwenye ibada ya kumbukumbu ya kuanzishwa kwa kanisa, historia ilisomwa na wale 11 wa sebuleni hawakutajwa. Chumba nilichokuwa naombea sasa kinawekwa vyombo vya muziki, na hakuna aliyeniuliza. Nimeyapeleka kwa Mungu, na kwa Mungu peke yake, ila leo nawaandikia ninyi ili msidhani ni jambo jepesi.

Kwaya imerudi. Kanisa limejaa kuliko siku zangu. Jumapili ijayo mchungaji amenialika kuhubiri, mara ya kwanza tangu nimkabidhi. Nimemuuliza anataka kundi lipate neno gani, akanitumia andiko na muda: dakika 30. Zamani nilikuwa nahubiri kwa muda wa saa 2. Naandaa mahubiri ya dakika 30.