Umeme umekatika, Pi haiwaki: nimeiua?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Raspberry Pi 4, ile kompyuta ndogo ya bodi moja. Juzi nilikuwa nasasisha fimwea (programu ya ndani ya bodi), umeme ukakatika. Uliporudi, taa nyekundu inawaka lakini ya kijani haipepesi kabisa, na skrini ni giza tupu. Nimejaribu kadi mbili za SD, wapi! Rafiki yangu anasema bodi ndiyo imekwenda hivyo, ninunue nyingine. Ni kweli?

JIBU: Marahaba. Usiizike bado. Mimi nami niliwahi kuchomoa waya wa Pi 4 katikati ya kazi hiyohiyo, nikidhani imeganda. Ikalala kwenye droo wiki nzima, nami nikiilaani. Kumbe ilikuwa nzima.

Kwenye Pi 3 na zilizoitangulia, faili za kuwashia hukaa kwenye kadi: bootcode.bin, start.elf, halafu kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi. Ukiziharibu, unaandaa kadi nyingine, mambo yamekwisha. Pi 4 ilipotoka mwaka 2019, hatua ya mwanzo ilihamia kwenye EEPROM, chipu ndogo ya kilobaiti 512 iliyochomelewa kwenye bodi. Kadi zako hazina kosa. Aliyepaswa kuzisoma, yaani programu iliyo kwenye EEPROM, ndiye aliyekatwa kauli.

Ila yupo anayeamka kabla yake. Ndani ya prosesa kuna kijiprogramu kilichowekwa kiwandani, hakifutiki wala hakisasishwi. Umeme ukiingia, kabla hakijaigusa EEPROM, kinachungulia kadi ya SD kutafuta faili liitwalo recovery.bin. Wewe ingilia hapo.

Chukua kadi usiyoihitaji, maana itafutwa yote. Kwenye kompyuta nyingine fungua Raspberry Pi Imager (programu ya kuandikia kadi), lakini usichague mfumo endeshi. Tafuta kwenye zana zake ile ya kurejesha programu ya kuwashia ya Pi 4. Ikishaandikwa, chomeka kadi kwenye bodi na uiwashe. Taa ya kijani ikianza kupepesa harakaharaka bila kukoma, na skrini ikawa kijani kitupu, kazi imekwisha. Yangu ilichukua sekunde chache tu. Nilisubiri dakika nzima kwa woga. Zima, toa kadi hiyo, rudisha ya zamani.

Ikiwaka halafu ikagoma tena, hesabu mipepeso ya kijani. Minne ni faili la start halikupatikana (mara nyingi mtu kachomeka kadi ya kale ya Pi 3, haina start4.elf). Saba ni kerneli haipo. Hayo ni ya kadi, EEPROM haihusiki.

Halafu jambo ambalo mimi sikulijua siku ile: amri ya kusasisha EEPROM, rpi-eeprom-update -a, haiandiki chipu papo hapo. Inaweka tu faili kwenye kadi. Chipu inaandikwa utakapowasha upya, wakati skrini iko giza na wewe mkono unakuwasha kuchomoa waya.