Baba anataka kurudi alikopigana vita. Tumkatalie?

SWALI: Shikamoo Mama. Baba yetu ana miaka 72, alikuwa askari katika Vita vya Kagera. Anatuomba tumpeleke Lukaya, Uganda, alikojeruhiwa mguu Machi 1979. Kaka zangu wanasema magoti hayamruhusu na huko hakuna cha kuona. Nimesimuliwa habari za rubani mzee wa Marekani aliyebebwa porini hadi kwenye mabaki ya ndege yake. Ni kweli? Na sisi tufanyeje? – Binti wa Mzee, Bukoba

JIBU: Marahaba mwanangu. Ni kweli kabisa, na wasimulie kaka zako.

Rubani huyo ni Fred Hargesheimer. Tarehe 5 Juni 1943 alikuwa kwenye kazi ya upelelezi kwa ndege aina ya P-38 juu ya kisiwa cha New Britain, ambacho leo kiko Papua New Guinea. Ndege ya Wajapani ikamtungua, akaruka kwa mwavuli na kuangukia msituni. Alihangaika siku 31, akila hata konokono, mpaka wawindaji wa Kinakanai walipomkuta. Wakampeleka kijijini kwao Ea Ea, wakamuuguza na kumficha miezi saba, huku doria za Wajapani zikipita. Kijiji kizima kilijiweka hatarini kwa ajili ya mgeni! Februari 1944 nyambizi ya Marekani ikamchukua ufukweni.

Angeweza kuendelea na maisha yake. Lakini mwaka 1960 alirudi kuwaona, kisha akachangisha dola 15,000, nyingi zikiwa za watu waliotoa dola 5 au 10, akawajengea shule. Mwaka 1970 yeye na mkewe, Dorothy, walihamia huko wakafundisha watoto miaka minne.

Ndege yenyewe ilikuja kuonekana baadaye sana. Mwaka 2006, akiwa na miaka 90, alipelekwa kwa helikopta hadi msituni, na wanaume wa Kinakanai wakambeba kwenye kiti hadi yalipo mabaki. Wengi wakisikia habari hii huulizia ndege. Mimi nakitazama kile kiti. Mzee hakuona haya kubebwa, na waliombeba hawakumwambia magoti yako yamekwisha, kaa nyumbani.

Sasa baba yenu. Lukaya iko kando ya barabara kuu ya Masaka kwenda Kampala, na kutoka mpakani Mutukula ni lami tupu. Hakuna haja ya kumbeba mgongoni! Hilo la magoti naliona kisingizio, na kaka zako wanisamehe.

Kabla ya safari, kaa naye umuulize anakwenda kumtafuta nani. Huenda kuna mwenzake aliyeanguka pale, huenda kuna mwenyeji aliyempa maji. Jibu lake litawaonyesha pa kusimama na wa kuulizia. Apimwe presha, mshughulikie hati za kusafiria mapema, na njiani ashuke anyooshe mguu kila baada ya saa moja hivi. Mchukueni na mjukuu mmoja mkubwa. Usiku, mmoja wenu alale chumba kimoja naye, kwani mambo ya vita huwarudia wengi usingizini. Akitaka kusimulia, msikilizeni. Akinyamaza, msimchokonoe. Na msipange kurudi siku hiyohiyo: akitaka kurudi pale asubuhi ya pili, mpelekeni.