Machela haikazwi kama uzi wa zeze

SWALI: Shikamoo mwalimu. Tuko wafanyakazi 12 hapa Dodoma mjini. Mwezi wa nane tunataka kwenda Kolo, Kondoa, Ijumaa hadi Jumapili. Tutalala kwenye machela, yaani vitanda vya kitambaa vya kuning'iniza kati ya miti miwili, Jumamosi tupande kuona michoro ya miambani, Jumapili tutembee kidogo ndipo turudi. Machela tunazo, na kamba za manila za milimita 6. Video tulizoona zinasema zikazwe sana ili mgongo usipinde. Tumepanga kufunga kwenye mibuyu kwa kuwa ni imara. Kamba hizo zinatosha?

JIBU: Marahaba. Hazitoshi, lakini kamba si tatizo lenu kubwa. Tatizo ni hilo neno "zikazwe", nimechoka kulisikia. Machela iliyokazwa mpaka ikalia kama uzi wa zeze ndiyo inayoumiza mgongo, na ndiyo hiyohiyo inayoangusha watu.

Hesabu yake ni fupi. Mtu wa kilo 80 amelala, kamba zimeshuka kwa pembe ya nyuzi 30 chini ya usawa: kila upande unavutwa kwa kilo 80. Kaza zibaki nyuzi 10, kila upande unabeba kilo 230. Nyuzi 5, karibu kilo 460. Na hapo katulia, hajajitupa kama tunavyojitupa tukishashiba ugali. Mtu ni yuleyule, ila sasa kamba inavuta pembeni zaidi kuliko kubeba.

Kipimo cha pembe hamhitaji. Kila futi mbili ambazo kamba inakwenda mbele, ishuke futi moja na kidogo. Machela itapinda kama ndizi, iacheni ipinde. Kisha mtu alale mshazari, kichwa upande huu, miguu upande ule. Kitambaa kitatandazika na mgongo utanyooka. Hao wa video wanalala dakika mbili, wapigwe picha, halafu wanarudi hotelini.

Manila ifungieni mizigo. Inanyumbuka usiku, fundo linateleza, na inakata gome la mti. Tafuteni mikanda bapa, upana usipungue sentimita 2.5, miwili kwa kila mtu.

Mbuyu nao ni imara wa macho tu. Ndani ni nyuzinyuzi laini zilizojaa maji, na shina kubwa linaweza kumaliza mita 12 za mkanda kwa kuzungushwa mara moja. Penye tundu huenda pana nyuki, na nyuki wa huku mnawajua.

Jueni pia ardhi mnayokwenda. Kondoa ililiwa na mmomonyoko mpaka mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ukaanza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika sana. Miti mingi ni machipukizi ya baada ya hapo. Inapendeza, lakini mingine ni myembamba mno. Chagueni mti hai, unene wa shina sentimita 20 au zaidi, usiokaa ukingoni mwa korongo mizizi ikiwa nje. Tazameni juu kama kuna tawi kavu. Machela 12 zinataka miti mingi kuliko mnavyodhani, kwa hiyo bebeni na mahema mawili matatu. Atakayewaambia mzipange moja juu ya nyingine ili kuokoa miti, msimsikilize. Wa juu akianguka, anamwangukia mwenzake.

Agosti usiku ni baridi na upepo unapita chini yenu. Blanketi mnalolilalia linabanwa, halina joto tena, hivyo wekeni sponji nyembamba mgongoni. Kuhusu michoro, ni urithi wa dunia tangu 2006: pitieni ofisi inayosimamia michoro pale Kolo mpate mwongozaji, msiwashe moto wala kufunga chochote chini ya miamba ile. Jumapili pangeni wenyewe.

Ila kuliko Kolo, nahofia mtakaporudi na hizo machela majumbani. Watu wanazifunga kwenye nguzo za tofali za baraza na za geti. Nguzo ile imejengwa ibebe uzito unaoshuka, haikujengwa ivutwe pembeni, na nyingi hazina nondo hata moja. Mwaka fulani, kwenye nyumba moja ya wageni, nilisaidia kumtoa kijana chini ya nguzo ya namna hiyo. Kamba haikukatika. Fundo halikufunguka. Nguzo nzima ndiyo iliyomfuata pale alipolala, ikamvunja mtulinga. Mwenye nyumba akasema kijana ni mzito. Alikuwa na kilo 60 hivi, na machela yake ilikuwa imekazwa vizuri sana, kama alivyoona kwenye simu. Siku hizi nikiingia nyumba yenye machela barazani, naangalia nguzo kabla ya kusalimia, na mtoto akiwa anabembea namshusha kwanza, mwenyeji akinuna anune.