Wadogo zangu mnaoanza kukusanya mimea, leteni tawi sio jani

Juzi tena kijana kaja na jani moja la vidole vitano kalichuma porini huku Lindi, programu ya simu imemwambia ni Acer na yeye kashajaza lebo. Acer! Ile maple ya bendera ya Kanada, kwenye miombo yetu? Nawapenda jamani lakini kila msimu ni hivihivi, acheni niseme.

1. Anza na kijiti. Acer majani yake yanakaa mawili mawili yakitazamana, na tunda linaachana vipande viwili, kila kimoja na bawa lake. Acer negundo jani lake limegawanyika vijani vijani, halifanani na la bendera hata kidogo, ila hayo mawili inayo. Tukarudi na kijana mpaka kwenye mti wenyewe, gome jeupe linabanduka kama karatasi, majani yanapishana na yamejazana nchani mwa tawi: Sterculia quinqueloba. Angekata tawi asingehangaika.

2. Tunda, hata la kuokota chini. Hapa nawaambia kwa uchungu maana mimi mwenyewe niliharibu kazi kule Rondo, uwanda wa juu wa huku Lindi. Mzee wa kijiji alitupeleka kwenye mti ambao hata yeye alisema hauoni mara kwa mara, matunda yamemwagika chini tunayakanyaga, mimi nawaza mvua na gari la kurudi, nikachuma majani tu tena bila kijiti nikabana kwenye presi, zile mbao za kukandamizia na kukaushia mimea. Kufika ofisini bosi ananiuliza, majani yalikaaje kwenye kijiti? Sijui. Tunda? Sikuchukua. Nikaomba kurudi, mara hela ya mafuta hakuna, mara barabara imekatika, na tulipokuja kufika mzee keshafariki na hakuna mwingine aliyejua njia ya kule. Sampuli ipo mpaka leo kwenye kabati, haina jina, na kila nikiifungua namkumbuka alivyokuwa anatuonyesha kwa fimbo, "chukueni na haya". Alituambia kabisa!

3. Familia zimehama, msishtuke. Vitabu vya zamani vina Aceraceae, ila tangu mpangilio wa 1998 wa APG, kundi la wanabotania wanaopanga familia za mimea, Acer imeingizwa Sapindaceae, na Sterculiaceae nayo ikamezwa na Malvaceae, kwahiyo ule mti wa kijana sasa ni familia moja na mbuyu na pamba. Lebo ya zamani usibandue, bandika mpya pembeni. Halafu hili mimi linanifurahisha mno: Sapindaceae iko oda (kundi la juu ya familia) ya Sapindales, na humohumo ndimo walimo mkorosho, mwembe, mchungwa na mwarobaini. Yaani mikorosho yote ya Newala na Tandahimba ina undugu na maple kuliko ule mti wenye jani la kufanana nayo!

4. Lebo andika kwa penseli, sio biro. Magazeti ya kwenye presi badilisha kila siku.

Mnaopanda Rondo wiki ijayo pitieni kwangu mchukue mkasi wa matawi na mifuko ya matunda, ipo mlangoni.